Zuwena na Picha ya Shaba

— Toka mlangoni kwangu, Feruzi. Mimi mke wa mtu.

— Nitatoka. Nijibu kwanza: kwa nini ulinidharau?

Zuwena akaushika mlango. Miezi minne hajaisikia sauti hiyo, leo inakuja kumdai yeye!

— Mimi nikudharau? Nilikaa mtoni tangu alfajiri mpaka jua la utosi. Wewe ndiye hukuja!

— Mwongo! Nilikungoja mpaka wapiga kasia wakanicheka: “Bwana harusi, bibi yako kamezwa na mamba!”

Wakati ule baba yake Zuwena alikuwa akitaka kumwoza kwa Abdulhamid, muuza mawese wa Rumonge. Feruzi, aliyempenda yeye, alikuwa mbali Usumbura, akimsaidia Mjerumani mmoja kuchora milima na ziwa juu ya shaba. Barua hakuthubutu, Zuwena hajui kusoma, msomaji angekuwa baba. Akatuma picha iliyochapwa kwa shaba hiyo, ya kumwonyesha pa kukutana watoroke: mto unaingia ziwani, mtumbwi umeegeshwa ukingo mmoja. Mjumbe akanong'ona tu, “Ijumaa, penye mtumbwi.”

Zuwena akaichomoa picha chini ya mkeka.

— Tazama! Mtumbwi iko kulia. Kulia ndiko nilikokaa.

Feruzi akaitazama.

— Mimi nilikuwa kushoto.

— Kushoto?

— Shaba hupakwa nta, unachora kwa sindano, maji makali yanaila shaba penye mistari. Ukipaka wino na kugandamiza karatasi, picha inageuka. Cha kushoto hutokea kulia. Bwana wangu Mjerumani huchora akitazama kioo ili itoke sawa. Mimi… nilikuwa na haraka.

— Haraka! Na mimi nyuma ya matete, ng'ambo tu ya mto!

Zuwena akacheka, kisha kicheko kikavunjika.

— Ukarudi Usumbura bila kuuliza mtu?

— Kwa hasira. Na wewe?

— Nikamwambia baba, niozeshe hata kesho.

Hapo, mabinti zangu, ndipo pa kuogopa. Hakuuliza hata jirani. Hasira ya nusu siku ndiyo iliyomwoza.

— Twende sasa, Zuwena. Mtumbwi iko tayari.

— Nina mimba yake. Na hajanikosea neno, maskini.

Feruzi akanyoosha mkono. Zuwena akarudi nyuma hatua moja, akakaza kanga.

Sauti ya Abdulhamid ikatoka uani:

— Mke wangu, iko nani hapo?

Zuwena akafuta macho kwa kiganja.

— Mpita njia tu, bwana. Amepotea.