Pemba Kali ya Mama Albertine

Kila asubuhi Mama Albertine alitwanga udongo. Ndiyo, udongo. Aliutwanga katika kinu, akauchekecha, akatia maji kidogo, akaukanda kama mtu anayekanda unga. Kisha alifinyanga vipande virefu kama vidole na kuvianika juu ya bati. Vikikauka, alivifukiza juu ya mbabula, yaani jiko la makaa. Hiyo ndiyo pemba. Hapa Likasi, mji wetu wa migodi, mama mwenye mimba asiyekula pemba utamtafuta kwa tochi. Wanasema inaondoa kichefuchefu. Mama zetu walikula, na bibi zetu pia.

Katika soko la Kikula, Albertine alijulikana kwa jina la Mama Pemba. Zamani alipata udongo wake kwa watu wa upande wa Mulungwishi. Ulikuwa udongo mzuri, wa kawaida. Lakini kwa miezi michache sasa pemba yake ilikuwa na ladha mpya. Ilikuwa kali kidogo mdomoni, kama iliyotiwa ndimu. Wanawake waliipenda mno. Wale waliotapika asubuhi walisema hii ndiyo dawa yenyewe, na ikiisha walinung'unika.

Udongo huo mpya ulitoka katika kiwanja cha mkwe wake.

Mkwe huyo ni Gauthier, mume wa Plamedi, binti ya Albertine. Gauthier ni mchimbaji wa madini wa kutumia koleo na mikono. Yeye na mke wake walikuwa wamepanga chumba kimoja katika ua wa Albertine kwa miaka sita. Mwaka ule alipata kiwanja pembeni mwa mji, mahali palipokuwa na kiwanda cha zamani. Kiwanda kilifungwa kabla Gauthier hajazaliwa. Ukuta ulikuwa umeanguka. Hata majani hayakuota vizuri pale. Mtu mmoja alikuja na kamba na vigingi, akagawa viwanja, akatoa karatasi zenye muhuri, akaenda zake. Gauthier hakuuliza kitu. Mtu aliyebanwa katika chumba kimoja miaka sita hana hamu ya maswali.

Alipochimba msingi wa nyumba, alikuta udongo mweupe, laini, chini ya ule mwekundu. Akamwita mama mkwe wake.

«Mama, kuya uone. Hii haiko pemba?»

Albertine alionja, akafumba macho.

«Aksanti Yesu! Njo pemba! Na iko kali-kali kama ndimu. Mungu anatupatia nyumba na kazi fasi moya!»

Msiba ulianza hapo, katika furaha ile. Ninakuambia mapema ili usishangilie pamoja nao.

Plamedi alikuwa na mimba ya miezi mitano. Alikuwa ameingoja miaka minne. Kanisani walifunga na kuomba kwa ajili yake. Sasa alikula pemba ya mama yake asubuhi, mchana na jioni, na mama yake alimchagulia vipande vilivyo laini zaidi.

Siku ya Jumanne, Albertine alikuwa anajaza gunia kiwanjani. Gari dogo lilisimama. Akashuka mwanamke mwenye viatu virefu vya mpira na glavu mikononi. Jina lake Aimée, mfanyakazi wa huduma ya mazingira.

«Jambo, Mama. Ile bulongo unapeleka wapi?»

«Ku nyumba, Madame. Njo pemba. Minye minauzishaka mu soko.»

Aimée aliuliza polepole:

«Mama, bantu banakula hii?»

«Bamama ba mimba, hata mutoto wangu, bibi ya Gauthier ule pale. Banaipenda sana juu iko kali.»

«Mama yangu, ile bukali haiko ya bulongo. Ile njo asidi. Hapa kulikuwa usine, ile kiwanda ya zamani. Miaka mingi ilikuwa inamwanga maji yake muchafu mu shimo, fasi hii hii unachimba. Ile maji ilibeba plomb, ile risasi banatiaka mu batri. Inaingia mu bulongo, na haitoke yenyewe.»

Gauthier, aliyekuwa anachimba msingi karibu, alisikia. Akaja na koleo lake begani, uso umekunjamana.

«Weye njo nani? Hii ni parcelle yangu. Niko na karatasi!»

Aimée aliisoma karatasi, pande zote mbili.

«Papa Gauthier, muntu alikupatia hii, alikuonyesha matokeo ya kupima bulongo?»

«Kupima nini? Si unaona muhuri?»

«Muhuri haipimake bulongo, Papa.»

Kisha aliweka begi lake chini akaeleza. Hakuwa na haraka.

«Fasi kwenye usine ilitumika, sheria haikubali bantu bajenge paka vile. Kwanza banatafuta: usine ilifanya nini? Ilitupa nini, na wapi? Kisha banapima bulongo na maji mu laboratoire. Kisha njo banasema fasi inafaa kwa nini. Nyumba na bustani, lazima bulongo ikuwe safi kabisa, juu batoto banacheza chini, na tunakula mboga. Kama iko na buchafu, pengine itakuwa depo ao parking ya malori, chini ya betoni. Kama iko mubaya sana, bantu ba kazi banaitoa na kuifunga fasi ingine. Mbele ya ile yote kuisha, bulongo haitoke hapa, hata kisahani kimoya. Minye mwenyewe minasafisha viatu mbele ya kupanda mu gari.»

«Na nani atasafisha?» Gauthier aliuliza. «Usine ilikufa.»

«Ule alichafua njo anapaswa kusafisha. Kama hayuko tena, muzigo unabakia kwa serikali. Inachelewaka, sitakudanganya. Njo maana muntu anaomba kwanza kuona karatasi ya mazingira, mbele ya kukamata parcelle.»

«Munataka kutufukuza! Kesho mutapatia bengine hii parcelle!»

«Basi usiniamini. Peleka bibi yako bapime damu. Na mwambie aache pemba leo.»

Aimée alichukua udongo katika vichupa vitatu, akavifunga, akaenda.

Plamedi alienda kupimwa damu, kwa sababu aliogopa. Majibu yalipaswa kuja baada ya wiki kadhaa. Aliacha pemba. Lakini mama yake hakuacha kuuza. Nasema hili kwa uchungu, maana Albertine si mtu mbaya. Kikapu kilikuwa kimejaa. Wanawake walikuwa wanaita. Na huyo Madame, si alikuja tu na glavu zake, bila ushahidi? Aliendelea kuuza kwa wiki mbili zaidi.

Wiki ya tatu, siku ya Jumamosi asubuhi, Plamedi alishikwa na uchungu kabla ya wakati. Walimpeleka kituo cha afya kwa pikipiki. Saa sita mchana alizaa mtoto wa kike. Mtoto hakulia. Alikuwa amekufa.

Majibu ya damu yalifika siku nne baadaye. Risasi ilikuwa nyingi mno. Muuguzi, Mama Hélène, aliwaambia ukweli bila kuupamba.

«Siwezi kuapa kama ni pemba peke yake. Mimba inaweza kuharibika kwa mambo mengi. Lakini hii plomb inapita mu damu ya mama, inafika kwa mutoto. Na ile iko mu mwili ya Plamedi inatosha kuharibisha mimba.»

Plamedi alimtazama mama yake. Alipotoka kituoni alirudi katika chumba chake, hatua kumi kutoka mlango wa Albertine. Alipita mbele ya mama yake asubuhi na jioni, akawa hamsalimii.

Aimée alirudi na majibu ya udongo. Yalikuwa mabaya pia. Aliketi na Albertine uani.

«Mama, banamuke bengine bangali na pemba yako mu nyumba. Minye sibajui. Weye njo unabajua.»

Albertine alitazama mlango wa Plamedi.

«Mutoto wangu, nikisema, bataniita mulozi, muchawi. Mjukuu wangu amekufa, na minye njo nilimulisha mama yake. Muntu wa miaka yangu, ile jina inamuua hapa.»

«Minajua, Mama. Siwezi kukulazimisha.»

Albertine alikaa siku tatu bila kula vizuri. Aliogopa, na aliona haya. Kila alipofumba macho alimwona mteja wake mmoja mwenye mimba akitafuna pemba na kucheka.

Jumapili, kanisani, wakati wa ushuhuda ulifika. Kwa kawaida watu husimama kumshukuru Mungu kwa kazi au kwa kupona. Albertine alisimama. Alibeba beseni tupu.

«Bandugu, ushuhuda yangu haiko ya furaha. Pemba nilikuwa nauzisha ilitoka ku shimo ya usine. Iko na sumu. Minye sikujua. Kisha baliniambia, na nikauzisha tena wiki mbili. Ile wiki mbili, nilijua. Plamedi amepoteza mutoto. Benye kuwa nayo, leteni hapa. Na muende kwa Mama Hélène bapime damu. Musione haya. Haya iko yangu.»

Kelele zililipuka. Mwanamke mmoja alipiga kelele: «Mulozi! Umekula mjukuu yako!» Mzee mmoja alitoka nje akibamiza mlango. Pasta aliinua mikono, hakuna aliyemsikiliza.

Ndipo msichana mmoja mwenye tumbo kubwa aliinuka kutoka benchi la nyuma. Jina lake Princesse. Alifungua fundo la kitenge chake, akatoa vipande viwili, akaviweka katika beseni.

«Mulozi hasemake,» alisema. «Mama amesema.»

Akafuata mwingine, na mwingine. Walitoa pemba katika mikoba, katika vitambaa, hata chini ya Biblia. Wengine walilia, wengine walimtazama Albertine kwa hasira huku wakiweka. Beseni likajaa nusu.

Wanawake kumi na moja walipimwa. Mama Hélène aliwapa vidonge vya kuongeza damu, akawaambia wale maharage, mboga na dagaa, na warudi kupimwa tena. Si wote walioonekana wazima. Bado anawafuatilia.

Wafanyakazi wa huduma ya mazingira, wenye barakoa, walikuja kwa Albertine. Walichukua magunia, beseni na kinu pia, maana kinu kilikwisha kunywa sumu. Walimwagia ua maji kabla ya kufagia, ili vumbi lisiruke. Kiwanja cha kiwanda kilizungushiwa waya na kibao: HATARI, USICHIMBE. Baada ya kupima pote, ilielezwa kwamba mahali pale hapatakuwa na nyumba. Patafunikwa na betoni, na malori yatalala juu yake. Gauthier na wenzake waliogawiwa viwanja pale walipeleka malalamiko juu ya mtu wa kamba na vigingi. Mpaka leo hajapatikana. Gauthier bado anaishi katika chumba kimoja. Anatafuta kiwanja kingine, na swali lake la kwanza sasa ni moja: «Hapa kulikuwa nini zamani?»

Albertine anauza mboga za majani sasa. Wateja ni wachache. Kuna wanaovuka barabara wakimwona.

Miezi miwili ilipita tangu ile Jumapili. Alasiri moja Princesse aliingia uani na mtoto mgongoni, wa wiki tatu, mnene, mwenye sauti. Damu ya mtoto ilipimwa, na ya mama yake pia. Mama Hélène aliridhika nao. Princesse alimshusha mtoto mgongoni, akamnyooshea Albertine.

«Mama Albertine, nimeleta mugeni. Mushike.»

Albertine alirudi nyuma, akaficha mikono katika kitenge.

«Minye? Hapana, mutoto wangu. Bantu batasema.»

Mlango wa chumba cha pili ulifunguka. Plamedi alikuwa amesikia sauti ya mtoto. Alisimama pale muda mrefu. Kisha alikuja, akampokea mtoto mikononi mwa Princesse, akamkumbatia, akalia kimya. Albertine aliinamisha kichwa, akingoja binti yake aingie ndani tena.

«Mama, ikala,» Plamedi alisema.

Albertine aliketi. Plamedi aliinama, akamlaza mtoto mapajani mwa mama yake.

«Mushike muzuri. Hapa, ku kichwa.»

Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwa mama yake tangu siku ile ya kituo cha afya.