Mgongo wa Osukuru Baada ya Mvua

Wandera, rafiki yetu wa Busia, aliwadharau watu wa vilima vya Osukuru tangu zamani. Jumamosi moja ya mvua za vuli alikwenda kukagua njia ya mgongoni mwa kilima, ili baadaye awapitishe huko wanakwaya wenzake. Acom, mama aliyekuwa akipalilia mtama chini ya kilima, alimwambia, "Wewe ngoja kwanza. Njia iko mbaya, na ukungu nakuja."

"Nyinyi mnaogopa hata tope," Wandera akamjibu, akapanda.

Huko juu ukungu ulishuka na mchana ukawa giza. Njia ilikuwa tope tupu. Kila alipoteleza aliwatukana wenyeji kwa uvivu wao wa kutotunza njia. Ndipo akasikia ufagio nyuma yake, shwaa, shwaa, ukifuata mwendo wake. Akadhani Acom amekuja kumkejeli.

"Fagia vizuri, mama," akasema kwa dharau, bila kugeuka.

Sauti ikakoma. Alipogeuka hakuona mtu. Michirizi myembamba ya ufagio ilikuwa imechorwa topeni, ikaja hadi kwenye visigino vyake, na kote alikopita hakukuwa na unyayo hata mmoja, wala wake mwenyewe.