Tarehe Moja Januari

"Ni Armelle! Nakwambia, Nkatha, ni Armelle tu aliyenichongea!"

Gad alisimama nje ya ukumbi pale Doonside, huku ughaibuni, shati lake jekundu la kuchezea bachata amelifunga vifungo vyote. Ndani, shindano la vijana la ngoma za Kihispania lilikuwa limeanza bila yeye.

Akaninyooshea simu. Meseji ya Cheryl, msimamizi wa shindano, ilikuwa imeingia jana yake: "Gad, tumeambiwa umri wako halisi ni miaka ishirini na mmoja. Mwisho wetu ni kumi na tisa. Samahani, huwezi kushiriki."

Woi! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Siri yenyewe alinipa mimi. Kule kambi ya wakimbizi Tanzania karani aliwaandika Warundi wengi kuwa walizaliwa tarehe moja Januari, mwaka akabahatisha, na Gad akapunguziwa miaka miwili. Alinisimulia tukicheka, siku aliyoniambia ananipenda. Lakini nilipomwona Armelle, aliyetoka naye kambini na kupangiwa kucheza naye, anashikwa kiuno kila Jumamosi, wivu ukanipanda kichwani. Nikamwandikia Cheryl. Aki ya nani, nilidhani watamtoa tu kwenye dansi na mambo yaishie hapo.

"Nimemtukana mbele ya watu," Gad akasema. "Yuko chooni analia."

"Gad, si Armelle."

"Ni nani basi?"

"Ni mimi."

Akaishusha simu.

"Wewe? Nkatha wangu?"

"Ni wivu, Gad. Nisamehe. Naenda kwa Cheryl sasa hivi nimwambie nilidanganya."

"Ulisema kweli, sasa unataka kuongeza na uongo?" akasema. "Dansi si kitu. Mama hajala tangu jana nilipomsomea meseji. Twende ukamwambie mwenyewe."

Kwanza alimwomba Armelle msamaha. Nami nikaomba. Armelle alinigeuzia mgongo, na sikumlaumu.

Kwenye treni ya kwenda kwao Mount Druitt, Gad alikaa kiti cha mbali.

Mama Gad alifungua mlango kidogo, akachungulia. Nyuma yake niliona masanduku matatu yamefungwa kamba. Picha zote zilikuwa zimetolewa ukutani.

"Wamekuja?" akanong'ona. "Watu wa serikali, kwa ajili ya ile miaka ya uongo kwenye karatasi zetu? Waambie tuko tayari, wasitushike kwa nguvu."

Nikapiga magoti palepale mlangoni.

"Mama, hakuna anayekuja. Ni mimi niliyesema umri wa Gad. Nilimwonea wivu msichana. Niliwaambia watu wa ngoma tu."

"Watu wa ngoma tu? Hawaturudishi kambini?"

"Hawawarudishi, Mama."

Akaketi juu ya sanduku, akalia kama mtoto.

"Nimekimbia mara mbili maishani mwangu," akasema. "Mara ya tatu unanikimbiza wewe, niliyekuita mkwe."

Hata machozi yangu niliyaonea aibu.

"Inuka," akasema mwishowe. "Fungua hizo kamba."

Nilifungua moja baada ya nyingine. Gad akachuchumaa upande wa pili, akashika fundo lililonishinda.

"Sijakusamehe," akasema, bila kuniangalia.

"Najua."

"Lakini usiondoke."