Picha Zilizotakiwa Kufutwa

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo tu: kwenda dukani jioni, kuchagua kitu cha kulainisha mwanga wa flashi, kurudi. Kwa shughuli kama hiyo mtu hata haagi. Na kweli hakuaga. Alimpita mama yake jikoni akimenya vitunguu, akatoka.

Walimwita Kipimo. Studio ilikuwa ya dada yake, chumba cha mbele cha nyumba yao, na kwa miaka tisa yeye ndiye aliyesimama mbele ya kamera kabla ya mteja. Dada anapanga taa, Kipimo anasimama. Dada anapiga, anatazama kioo cha kamera, anasogeza taa, anapiga tena. Mwanga ukikaa sawa, Kipimo anatoka, mteja anaingia, na zile picha za majaribio zinafutwa. Ndiyo ilikuwa sheria yao. Picha ya kipimo haibaki.

"Nimeshafuta," dada husema kila siku. Kipimo hakuwahi kuangalia. Nani anamkagua dada yake wa tumbo moja?

Sasa mwavuli wao wa kulainishia mwanga wa taa ulikuwa umevunjika, na kesho yake alikuwa anakuja bibi harusi mwenye ngozi ya kung'aa, ambaye flashi tupu ingemfanya aonekane kama sufuria mpya.

"Nenda kwa Glavu," dada alisema. "Nyuma ya maduka ya vifaa vya umeme, mlango wa kijani. Muda huu hana watu. Na ujaribu, mdogo wangu. Usichukue kitu bila kujaribu."

"Nijaribu kwa nani?"

"Si usimame wewe? Kwani leo ndiyo umeanza kazi?"

Wakacheka. Kipimo alipenda kumwona dada anacheka. Miezi sita nyuma jicho lake la kulia, lile la kuwekea kamera, lilikuwa limeingia ukungu, na hospitali walisema hawana la kufanya. Kisha likapona. Hivi hivi tu. Siku ile Kipimo alilia kwa furaha kuliko hata mwenye jicho.

Duka lilinuka vumbi lililoungua juu ya balbu. Nyuma ya kaunta alisimama mzee mwembamba mwenye glavu nyeupe za pamba, zile za kushikia lenzi. Hakuuliza shida.

"Dada yako alisema utakuja," alinong'ona. "Simama pale ukutani."

Kipimo alisimama. Miaka tisa ya kuambiwa simama, miguu ilikwenda yenyewe.

Kwanza mwavuli mweupe. Mzee aliufunga kwenye flashi, na flashi ikaanza kujichaji. Mluzi mwembamba... unapanda... unapanda...

Paa!

Kipimo alisogea kutazama kioo cha kamera. Uso umekaa vizuri, laini. Lakini ukuta nyuma yake ulikuwa mweupe mtupu. Hapakuwa na kivuli. Mwavuli huo, akajiambia, unatawanya mwanga, kivuli lazima kififie. Alijua kazi yake. Ila kufifia ni kufifia, na pale hapakuwa na kitu kabisa.

"Unatawanya mno," alisema. "Nipe kingine."

Mzee akafunga wavu, kile kipande chenye vitundu kama sega la nyuki kinachobana mwanga uangukie mahali pamoja. Mluzi ukaanza tena. Safari hii Kipimo alihisi meno yakimuuma.

Paa!

Ukutani palikuwa na saa, ambayo kichwa chake kiliiziba. Katika picha, mishale ya saa ile ilionekana katikati ya paji la uso wake. Si juu ya kichwa, si pembeni. Ndani.

"Kamera yako mbovu, mzee."

"Tuseme hivyo," mzee alijibu kwa upole.

Mwenye akili timamu angeshika njia. Kipimo akili alikuwa nazo, tena za kutosha, lakini alikuwa na kesho yenye bibi harusi na dada anayemtegemea. Ndivyo watu wema wanavyoponzwa. Akarudi ukutani.

Cha tatu kilikuwa sofboksi, lile sanduku la kitambaa linalomwaga mwanga taratibu kama dirisha lenye pazia. Kitambaa chake kilikuwa kimegeuka rangi ya manjano. Mzee alipolisogeza karibu na uso wake, harufu ilimjia. Mafuta ya nywele. Yale anayochanganya mwenyewe, nyumbani, ambayo hakuna mwingine anayeyatumia.

Mluzi... mluzi...

Paa!

Hakwenda kuangalia picha. Alilishika lile sanduku, akafungua kitambaa cha mbele, akachungulia ndani. Mahali pa bitana ya fedha palikuwa pameshonwa picha. Ndogo ndogo, mamia, zimebanana kama magamba ya samaki. Zote zilikuwa zake. Yeye na gauni la bluu aliloligawa zamani. Yeye akiwa na jipu shavuni. Yeye amefumba macho, yeye anapiga chafya, yeye anacheka na mtu aliyeshika kamera. Akabandua moja. Nyuma palikuwa na tarehe, kwa mwandiko wa dada.

"Hizi zilifutwa," alisema. Sauti ilimtoka kama ya mtoto.

"Alikuambia hivyo."

"Alizileta lini?"

"Jicho lilipoanza kuziba." Mzee alikuwa anavua glavu, kidole baada ya kidole. "Nililiponya kwa mkopo. Picha peke yake hazitoshi kulipa. Lazima mwenyewe asimame mara tatu bila kushikwa mkono. Umesimama."

"Nimesimama kwa ajili ya nini?"

Mzee alizima taa ya kaunta, na Kipimo akakimbia.

Barabarani alitoa simu ampigie dada. Akaiinua usoni ifunguke, kama siku zote. Simu ikatetemeka mkononi, ikakataa. Akafuta kioo kwa kanga, akainua tena. Ikakataa. Mara ya tatu ikaandika kwamba sura hii haitambuliki. Muuza vocha wa kona ya kwao, ambaye humtania kila jioni ipitayo, alimtazama kama unavyomtazama mtu anayeuliza njia.

Dada alikuwa studio, anapangusa lenzi. Aliinua macho yote mawili, safi, maangavu, na akamtambua. Hilo ndilo lililomuuma Kipimo kuliko yote. Dada alimtambua papo hapo, kisha akatazama chini.

"Umejaribu?" aliuliza.

"Kwa nini, dada?"

"Nilikuwa napofuka." Alipangusa tena lenzi ile ile. "Wewe hujui. Asubuhi naamka naona maziwa tu. Nisingeweza kupiga picha tena. Tungekula nini, mimi na wewe na mama? Yule mzee akaniambia atalipatia jicho mwanga, ila kuna mtu lazima apungukiwe nao. Akaomba mtu ambaye picha zake ninazo nyingi. Ningemtoa nani mwingine?"

"Ungeniomba."

"Ungekataa."

"Hukuniuliza!" Kipimo alipiga kelele, na hata kelele yake ilitoka hafifu, haikufika ukutani. "Ningekupa jicho langu, dada. Moja zima. Ungesema tu, ningekwenda na wewe hospitali siku hiyo hiyo, nikalale kitandani watoe. Kumbe unanipangia safari. Unacheka na mimi, unanielekeza na mlango."

Dada alilia. Machozi mengi, ya kweli. Kipimo alitamani kumchukia na akamchukia, na bado mkono wake ulitaka kwenda kumfuta.

"Huyo mzee ataishia wapi?" Kipimo aliuliza. "Nitabaki na nini?"

"Sijui. Wallahi sijui. Hakuniambia."

Nyayo zikasikika ukumbini. Mama yao. Kipimo aligeuka haraka. Mama alimzaa. Mama aliwahi kumtambua kwa kikohozi tu, gizani, kati ya watu hamsini msibani. Mama hawezi.

Pazia likafunguliwa. Mama alisimama na taulo begani, macho yake mazima yasiyohitaji hata miwani, akamtazama Kipimo usoni kwa muda mrefu. Mrefu mno. Kuna kitu kilipita kwenye uso wake, kama mtu anayetafuta jina... kisha kikaondoka.

"Mwenzio hajarudi bado?" alimuuliza dada. "Na huyu ni nani? Mteja?"

Kipimo alimgeukia dada yake. Alingoja.

Dada alifuta machozi kwa kiganja, akaokota kamera yake mezani.

"Ndiyo, mama," alisema. "Ni mteja."