Kifuniko cha Chumba cha Nyuma

"Siingii chumba cha nyuma peke yangu, na hunilazimishi!" Kidoti alimkemea kaka yake.

"Nani anakulazimisha? Tukimaliza sanduku tutaingia wote," kaka alijibu, akishikilia ubao ambao hata haukuhitaji kushikiliwa.

"Na wewe unaogopa, sema tu!"

Mama yao, fundi seremala, aliweka nyundo chini. Jeneza la jirani yao, bibi aliyelea nusu ya watoto wa mtaa, lilitakiwa alasiri hiyo. Tangu asubuhi wote watatu walikuwa wamelizunguka sanduku: mama akipigilia, kaka akishika, Kidoti akitoa misumari. Kifuniko kilikuwa kwenye chumba cha nyuma, hakijaguswa.

"Mbona kifuniko hakijapigwa msasa?" mama aliuliza.

Watoto wakatazamana. Ndipo ikasikika kutoka chumba cha nyuma: ko. Kimya. Kisha ko, ko, kama kidole kinachogonga taratibu chini ya ubao. Kidoti akarudi nyuma hatua moja.

"Mama, kuna mtu humo."

"Amekuja kuazima nyundo? Nifuateni."

Chumba kilikuwa na giza na harufu nzito ya gundi. Kifuniko kililala mezani, kirefu, kimya. Ko! Kidoti alilishika gauni la mama.

Mama alionyesha juu. "Ni mabati. Jua likiyachoma yanatanuka, yanagonga mbao za paa. Hata mimi hunishtua, siwadanganyi. Lakini vanishi isipokauka, wabebaji watanasa mikono kwenye jeneza la bibi wa watu."

"Si tungemaliza sanduku kwanza?" kaka aliuliza.

"Kwani kifuniko kinalingoja sanduku? Vipimo tunavyo. Vanishi ndiyo lazima ingoje msasa, hapo hakuna kuruka hatua. Kazi zisizotegemeana zifanywe kwa wakati mmoja, kila mtu na yake. Ninyi mmezipanga foleni kwa woga, na sasa muda umetubana. Sanduku limeshasimama, wewe kalipige msasa. Mimi nakata kitambaa cha ndani. Kifuniko ni cha nani?"

Kidoti alikitazama. Bibi huyo ndiye aliyempokea kila alipotoka shule, mama akiwa kazini.

"Changu," alisema.

Mama na kaka wakatoka. Mlango ukajifunga polepole, wenyewe. Juu ya kichwa cha Kidoti kitu kikagonga tena. Akachukua msasa, akaanza kusugua. Nyuma ya ukuta msasa wa kaka ukaanza pia, na mkasi wa mama.