Jogoo Hachezi Netiboli

Mwaka wa 1950, nyumbani kwa Wabwile huko Kanduyi, pamba ilikuwa kila mahali. Ilikuwa ndani ya magunia, juu ya mikeka, na hata kwenye nywele za watoto. Ukiingia kuwasalimu, ulitoka na nyuzi nyeupe kwenye nguo zako. Kila siku jua likianza kushuka, Nanyama, mke wa Wabwile, alikaa mkekani pamoja na binti yao Sellah wakachambua. Pamba safi waliiweka upande mmoja, na pamba yenye madoa upande wa pili. Wabwile hakuchambua. Alisema kazi ya mwanamume ni kupeleka magunia kwa wanunuzi. Kazi yake nyingine, ambayo hakuisema, ilikuwa kulalamika.

Sellah alisoma katika shule ya misheni karibu na Bungoma. Shule hiyo ilikuwa na mchezo wa wasichana uitwao netiboli. Kila upande una wachezaji saba. Wanarushiana mpira kwa mikono mpaka wautie katika pete ya chuma iliyo juu ya nguzo. Aliyeshika mpira haruhusiwi kukimbia nao. Lazima amtafute mwenzake upesi na kumrushia.

Sellah aliupenda mchezo huo kuliko kitu chochote. Wabwile naye aliupenda kwa sababu ya Sellah. Sokoni na kanisani aliwaambia watu kwamba binti yake ni mchezaji. Alipokwenda kutazama, hata hivyo, alimkuta Sellah ameketi kwenye nyasi, ameshika sweta za wenzake. Aliyecheza mahali pake alikuwa Kabura, binti wa mwuza viazi aliyehamia Bungoma kutoka upande wa Kitale. Mwalimu wa mchezo, Bi Wahu, alitoka huko huko Kitale. Wabwile alijumlisha hayo mawili, akapata jibu lililomchoma moyo.

"Si unaona?" alimwambia mkewe. "Mwalimu na Kabura ni watu wa kwao. Ati sisi wenye hapa tushike sweta."

"Umeuliza mwalimu mwenyewe?" Nanyama alisema.

"Naulizaje kitu naona na macho yangu?"

Wasiwasi uliingia nyumba ile na haukutoka. Mwisho wa mwezi timu ingekwenda Kitale kwa lori kucheza na shule ya huko. Wachache tu wangechaguliwa. Sellah hakula vizuri. Nanyama alimsikia akigeuka geuka kitandani, akaogopa kwamba mtoto ataugua. Kila mara walipomwuliza kwa nini hachezeshwi, Sellah alitazama chini na kusema hajui.

Wabwile aliamua kufanya kama wazee walivyofanya tangu zamani. Mkono mtupu haulambwi. Alimwalika Bi Wahu nyumbani siku ya Jumapili, akachinja jogoo wake mkubwa.

Sasa, kwa watu wa Bungoma kuku si mboga tu. Kuku ni heshima. Na katika kuku mzima, heshima yote imo katika firigisi. Firigisi huliwa na mwenye mji, yaani baba wa nyumba, au mgeni ambaye mwenye mji anamtukuza kuliko wote. Mwanamke hapewi. Nanyama alikuwa amepika kuku tangu alipoolewa, na hakuwahi kuionja. Siku hiyo Wabwile alichukua firigisi kwa mkono wake mwenyewe, akaiweka katika sahani ya Bi Wahu. Nanyama aliona, akameza mate na maneno pamoja.

Bi Wahu hakujua mila hiyo. Alikula yote, akashukuru, akasifu mapishi. Alipoondoka, Wabwile alisugua mikono yake.

"Mtu amekula firigisi yangu," alisema, "atanikatalia nini?"

Jumamosi iliyofuata wasichana wa Malakisi walikuja kucheza Bungoma. Wabwile alifika mapema, amevaa koti lake la kanisani. Filimbi ililia. Kabura aliingia uwanjani. Sellah alibaki kwenye nyasi. Wabwile alijiambia kwamba labda ataingizwa baada ya mapumziko. Mapumziko yalikuja yakaisha, na Sellah bado alikuwa amekumbatia sweta. Miguu ya Wabwile ikamtoa pale aliposimama, ikampeleka mpaka katikati ya uwanja, mchezo ukiendelea.

"Mwalimu, ulikula firigisi yangu!" alisema kwa sauti iliyofika mpaka barabarani. "Ulikula ukamaliza. Sasa hii mtoto yangu inakaa nyasini kwa nini?"

Mchezo ulisimama. Kwanza walicheka wasichana wa Malakisi, kisha wazazi, kisha kila mtu. Bi Wahu alisimama mdomo wazi, asielewe firigisi imeingiaje katika netiboli. Sellah aliweka sweta chini, akaondoka mbio.

Jioni hiyo Sellah alikunja sketi yake ya michezo na kumpa mama yake. Alisema hatacheza tena, na shuleni hatarudi. Wenzake walikuwa wameshampa jina: Firigisi. Alilia bila sauti. Wabwile alikaa nje peke yake. Aliona aibu, na aibu ile ilimfanya akasirikie kila mtu isipokuwa yeye mwenyewe.

Kwa Nanyama, mtoto kuacha mchezo lilikuwa jambo moja, lakini kuacha shule lilikuwa jambo lingine kabisa. Jumatatu Nanyama alifunga kitambaa kichwani akaenda kwa Bi Wahu. Aliogopa sana. Hakuwahi kuongea na mwalimu ana kwa ana, na hakujua kama atafukuzwa. Njiani alipanga maneno mazuri ya kuanzia. Alipofika, yote yalimtoroka.

"Mwalimu," alisema, "ule kuku haikuwa vizuri. Utusamehe. Lakini uniambie ukweli. Mtoto yangu ako na makosa gani?"

Bi Wahu alimpa kiti. Alisema kwamba kwao mgeni akipewa chakula hula na kushukuru. "Sikujua niliwekewa nafasi ya mtoto kwenye sahani, Mama Sellah. Ningejua, nisingeionja."

Kisha akaeleza. Sellah hana makosa ya tabia. Anadaka mpira vizuri, na ana mwili mwepesi. Lakini timu hufanya mazoezi kila siku baada ya masomo, na Sellah haji. Kengele ya mwisho ikilia, yeye huchukua vitabu vyake na kwenda. Kabura huja hata siku za mvua.

"Niliona hajali," alisema Bi Wahu. "Nilimwuliza sababu, akanyamaza. Netiboli ni mchezo wa kujuana. Ukishika mpira, lazima ujue mwenzako atakimbilia wapi hata kabla hajakimbia. Hiyo haijulikani siku ya mechi. Nikimwingiza bila mazoezi, atapotea uwanjani na watu watamcheka. Na yule aliyejituma kila siku nitamwambia nini?"

Baada ya masomo. Nanyama alijua hiyo ndiyo saa ya kuchambua pamba. Wabwile alikuwa amemwagiza Sellah kwamba kengele ikilia awe njiani. Yeye na mumewe walidhani wasichana hucheza katika saa za shule, basi. Na Sellah hakumwambia mwalimu, ili wazazi wake wasionekane wabaya. Hakuwaambia wazazi, kwa sababu mtoto hapangi kazi za nyumbani. Kikulacho ki nguoni mwako. Hapa, kilikuwa mkekani mwao.

Nanyama aliporudi nyumbani alimweleza mumewe yote. Wabwile alisikiliza akitazama marundo ya pamba. Alijaribu kusema kwamba mwalimu anatafuta kisingizio, lakini sauti haikuwa na nguvu.

"Kwa hivyo ni mimi nilimkalisha nyasini," alisema mwishowe. "Mimi mwenyewe."

Siku ya pili alimbembeleza Sellah, akarudi naye shuleni. Alimwomba Bi Wahu msamaha bila kuzunguka. Halafu akauliza kama sasa Sellah atakwenda Kitale. Bi Wahu alitabasamu kidogo.

"Hilo siwezi kuahidi, Baba Sellah. Usiniulize lini atacheza. Niulize anahitaji kujifunza nini. Na afadhali aulize yeye mwenyewe, maana anayecheza ni yeye. Ukiwa na neno na mimi, njoo siku kama ya leo tuongee kwa utulivu. Siku ya mechi, mtoto akimwona baba yake amekasirika, mikono yake hushindwa kushika hata mpira."

Wote wawili wakamgeukia Sellah. Wabwile alitaka kumsemea, akajizuia, na kujizuia kule kulimtoa jasho.

"Mwalimu," Sellah alisema kwa sauti ndogo, "nifanye nini ndio niwe sawa na wengine?"

Bi Wahu alimwambia aje mazoezini kila siku, na aanze kwa kurushiana mpira na Kabura, kwa sababu Kabura anajua wenzake wanakokimbilia. Sellah aliitikia.

Pamba haikuondoka kwa sababu ya netiboli. Ilibaki pale pale ikingoja. Basi Wabwile alikaa mkekani badala ya binti yake. Alikuwa mzito kama mawe. Alichanganya pamba safi na yenye madoa, na Nanyama alilazimika kuchambua tena nyuma yake. Wapita njia walimtania kwamba sasa ameolewa. Aliwajibu kwamba mahari yake bado haijalipwa, akaendelea kuchambua. Sellah akirudi kutoka mazoezini alisaidia kabla giza halijaingia, na Jumamosi asubuhi alifanya kazi kuliko wote. Magunia yao yalichelewa kujaa kuliko ya majirani. Wabwile aliyatazama, akarudi mkekani.

Siku ya kuchagua timu ilifika. Sellah alirudi nyumbani akitembea polepole mpaka mlangoni, na wazazi wake wakaogopa kuuliza. Alisema atakwenda Kitale, lakini hatauanza mchezo. Labda ataingizwa. Labda hataingizwa.

Wabwile alikwenda Kitale kwa garimoshi. Upepo wa huko ulikuwa baridi, na uwanja ulijaa watu asiowajua. Alisimama mbali na walimu, mikono imefungwa nyuma, asije akasahau maneno ya Bi Wahu. Kipindi cha kwanza kilipita. Sellah alikuwa kwenye nyasi. Ile hasira ya zamani ilimpanda Wabwile. Aliimeza.

Baada ya mapumziko Bi Wahu alimwita Sellah, na Kabura akatoka. Mpira wa kwanza ulimponyoka. Wabwile alifumba macho. Alipoyafumbua, Sellah alikuwa ameudaka mwingine, na bila kutazama aliurusha mahali ambapo hapakuwa na mtu. Mwenzake alitokea pale pale akaushika, akautia katika pete. Watu wa Bungoma walipiga makofi. Machozi yalimtoka Wabwile, akasingizia upepo.

Alama zilikuwa sawa, na muda ulikuwa unakwisha. Bi Wahu aliomba wachezaji wabadilishwe. Alimtoa Sellah, akamrudisha Kabura.

Wanafunzi na wazazi wote wa Bungoma waligeuza shingo wakamtazama Wabwile. Walijua miguu yake. Sellah pia alimtazama, akiwa amesimama pembeni ya mstari, uso umekauka kwa hofu. Wabwile alipiga hatua moja mbele, akasimama. Alifungua mikono yake.

"Kabura!" aliita. "Kabura mtoto yangu, wewe cheza!"

Sellah alipumua. Akaokota sweta ya Kabura kutoka kwenye nyasi, akaishika vizuri, na kuanza kushangilia pamoja na baba yake.