Mulima Yenye Sikuikanyaga

Batu benye banahadisiaka mambo kama hii banapendaka kusema ilifikia shemeji ya jirani, ama mutu moja wa Beni mwenye hawajue jina. Miye sina jirani wa kubebesha. Ilinifikia miye, Ananie, ingénieur agronome, option gestion des pâturages, mambo ya malisho, grande distinction, sans emploi, bila kazi mpaka leo. Diplôme iko ku ukuta, ndani ya cadre. Mende njo zinaisomaka.

Ilikuwa 2001, mwezi wa sita. Butembo ilikuwa ya kawaida: jua, vumbi, bamotards, batu wa pikipiki, banatukanana ku rond-point. Nilikuwa stagiaire ku bureau moja ya élevage, ya mifugo; stagiaire maana yake punda mwenye diplôme. Chef wetu alikuwa Omer, mutu wa Kasaï. Serikali ilimutuma huku, halafu vita ikafunga barabara nyuma yake. Serikali ikabakia Kinshasa, barebelle bakakalia viti, na yeye akabakia na cachet tu, muhuri ya Serikali. Alikuwa anaipiga kwa nguvu, sawa mutu mwenye anaua mbu.

Bon, nielezee kazi. Juu ya Kalunguta kuko milima ya malisho ya bote, na kila mulima inapumuzika kwa zamu. Miye nilikuwa napanda, natupa carré ya mbao, fremu ya pande ine, nyuma ya bega bila kuangalia, nakata majani yenye iko ndani yake, napima. Naangalia pia kama majani imetoa mbegu na kama mbegu imeanguka. Kama bado, mulima inabakia yenye kufungwa. Ile ni upande wa karatasi. Wachungaji bako na desturi yao: banasimika kijiti ku njia, banafunga juu yake fundo ya majani, na mukono yenye ilifunga njo yenye itafungua. Siku ya kufungua, unashika fundo, unaambia mulima siku gani uliikanyaga na kitu gani uliona. Uongo haisemwe pale. Haisemwe tu.

Kihoro, moja ya ile milima, tuliifunga mwezi wa tatu, miye na muzee Maliro, mukubwa wa wachungaji. Mikono yangu ingali ku fundo, yeye akacheka na meno yake yote tatu.

"Agronome, sasa weye njo kufuli. Usituletee shida ya ufunguo!"

Mwezi wa sita nilipaswa kupanda kuangalia. Na barabara ilikuwa calme, salama. Ninasema hii juu ya bote benye bananifarijiaka na neno "vita." Ile siku pikipiki zilikuwa zinapita mpaka Beni na mifuko ya maharagi. Nilikuwa nimeisha kuvaa botte. Halafu ba-copains, barafiki yangu, bakapita na bidon ya kasiksi, pombe ya ndizi.

Saa sita Omer akanikuta ningali nimekaa ku kivuli.

"Petit, okokende te? Hauende?"

"Chef, État hainijue. Nipande mulima kuhesabia Serikali majani yake?"

Akacheka, akanisukumia formulaire. "Zala mayele. Mutu wa akili anaandika tu."

Nikaandika. *Kihoro: majani haijatoa mbegu. Repos, ipumuzike miezi tatu ingine.* Kilo za majani nilizivumbua pale pale, na virgule zake, alama ya vipande vya kilo, juu kilo yenye iko na virgule inaonekana ya ukweli. Omer akapiga cachet. Pa!

Karatasi ikapanda na pikipiki, ikafika, Shekinah, binti wa muzee, akamusomea. Maliro aliheshimu. Ngombe zilikuwa na njaa, Kihoro imefungwa na ingénieur, donc akazishusha chini, upande wa pori, na wachungaji batatu. Siku ya tano batu wa bunduki bakabakuta kule. Batu gani, kila mutu iko na jibu yake. Hakuna mwili yenye ilirudi. Hakuna ngombe.

Mwisho wa mwezi wa munane, Kanyere, bibi wa Maliro, akaingia ku bureau. Hakuwa amevaa nguo ya matanga.

"Wavukire, Agronome," akanisalimia.

"Wavukire, Mama Shekinah. Pole kwa…"

"Hapana pole. Bwana yangu iko Kihoro."

Nikamusukumia kiti.

"Saa sita, ukungu ikishuka, tunasikia ngombe zinalia mule ndani. Yeye anapiga mluzi. Alikimbilia kule na ngombe zake, hakuna fasi ingine. Mais hawezi kutoka, fundo ingali. Mukono ni yako. Kuya ufungue, mutu akuye akule."

Omer akaniinamia ku sikio. "Petit, hiyo haiko mu attributions yetu, haiko kazi yetu."

Nilienda. Sikuamini hata neno moja. Nilienda juu Kanyere alikuwa ananiangalia vile mutu anaangaliaka docteur.

Tulipanda asubui, jua kali. Saa sita tukafika. Ukungu ikatushukia sawa mutu mwenye anafunika sufuria. Niliona kijiti. Niliona fundo. Ngambo yake, majani ilikuwa imesimama mpaka kifua, na sikuiangalia. Nilijua nikiangalia kule juu yake nitaona kama iko na mbegu. Niliangalia botte zangu.

Halafu nikasikia.

Khrap. Khrap.

Ngombe inakata majani na ulimi. Ile sauti ninaijua, niliisomea miaka tano. Mbele yangu. Kushoto. Kuume. Zilikuwa mingi. Zilikuwa zinatafuna polepole, sawa ngombe zenye hazina haraka tena. Harufu ya maziwa ikanifikia. Halafu mluzi moja, fupi, karibu sana.

"Ni yeye," Kanyere akanongona. "Shika."

Nikashika fundo. Ilikuwa na joto. Joto ya mukono wenye umetoka tu pale.

"Sema, Agronome."

Nilikuwa na maneno. Ilikuwa kidogo sana. *Sikukanyaga. Nililewa. Niliandika tu.* Ile tu, na njia ingefunguka. Mais Kanyere alikuwa amenishikilia ku mukono wa shati. Pumzi yake ilikuwa hapa, ku bega. Nikisema, atajua nani alimushusha bwana yake mu pori.

"Nilikanyaga Kihoro mwezi wa sita," nikasema. "Niliona majani. Haikukuwa na mbegu."

Kutafuna kukasimama.

Zote. Mara moja.

Fundo ikalegea mu vidole vyangu, ikaanguka. Hakuna kitu ilipita. Hakuna mluzi. Nikangoja. Ukungu haikuongea.

Halafu pumzi kubwa, ya maji maji, ya ngombe, ikanipiga ku shingo.

Ku shingo, nyuma. Upande yetu.

Kanyere hakusikia kitu. Alikuwa anafuta machozi. "Wasingya, Agronome. Wasingya, aksanti sana." Akashuka mbio, mama wa miaka makumi tano, anakimbia kwenda kuweka sufuria ku moto.

Nyuma ya juma moja, Shekinah, yule binti wake, akakuya Butembo mpaka kwangu. Nilikuwa nakaa peke yangu, nyumba moja na kiwanja kidogo, ukuta ya matofali pande zote.

"Agronome, mama anauliza kama papa iko hapa."

Nikacheka. Cheko yangu haikunipendeza.

"Mama alipika siku sita," akasema. "Papa hakuingia. Mais nyayo za ngombe zilipita mbele ya mulango yetu. Zikashika barabara ya Butembo."

"Mademoiselle, nyayo za ngombe ni nyayo za ngombe."

Hakunijibu. Alikuwa anaangalia kiwanja. Na miye nikaangalia, mara ya kwanza tangu siku mingi. Majani yote ilikuwa imeliwa, fupi fupi, mpaka chini ya dirisha ya chumba yangu. Pale ilisimama.

Akainama, akapitisha kidole polepole.

"Hii ni Mapendo, ngombe ya papa," akanongona. "Jino yake moja ya mbele ilivunjika. Kila mara anauma, anabakisha unyasi moja katikati. Angalia. Angalia, Agronome! Ni yeye!"

Hakuogopa, yule mutoto wa batu. Alifurahi. Alifurahi mpaka akapiga mikono. Akatosha mu saki, mufuko yake, shati ya baba yake, yenye kupigwa pasi na makaa, na bouton mupya.

"Umupatie. Umwambie mama hana hasira. Akuye tu."

Pale tena nilikuwa na maneno. Mulango ilikuwa wazi, saa ine ya asubui, hakuna ukungu, hakuna mulima. Mutu mwenye kusoma, na grande distinction.

"Sawa," nikasema. "Nitamupatia."

Nikaitundika ku musumari ndani ya chumba. Nikafunga mulango na dirisha.

Asubui, shati ilikuwa ku musumari. Mu mugongo ilikuwa imeloa jasho. Kola ilikuwa na alama nyeusi ya shingo. Na toka mikono mpaka chini, ilikuwa imejaa mbegu, zile za majani ya kule milimani, zenye hazikamataki ku nguo ya mutu mu muji. Nikatosha moja, nikaisaga na kucha. Hii kazi ninaijua, hata kama hakuna mutu ananipatia. Ilikuwa kavu kabisa. Mbegu kama ile inakomaaka, inaanguka, inakalia jua miezi mbili ama tatu. Nikahesabu nyuma na vidole. Mwezi wa sita.

Majani ilikuwa imepona. Ningepanda, ningefungua.

Miaka ilipita. Omer alirudi kwao. Bureau ikawa dépôt ya bière. Mwaka jana, ku soko ya Butembo, mama moja mwenye mutoto ku mugongo akanishika mukono. Shekinah. Amenenepa, amekuwa mama mukubwa. Tukasalimiana. Mama yake angali mu uzima, akasema, angali anabakisha sahani. Halafu akanikaribia, na haya kidogo, sawa mutu mwenye anauliza habari ya siri.

"Agronome. Ile shati. Ilimuenea?"

Niliangalia macho yake.

"Ilimuenea," nikasema. "Ilimuenea muzuri."

Kesho yake asubui niliamuka na kinywa kavu. Nikatema mu mukono.

Mbegu moja ya Kihoro. Ilikuwa chini ya ulimi. Na hii haikukuwa kavu. Ilikuwa imeisha kutoa muzizi.